Nguo ya aliyepigwa risasi isichomwe

Salamabila, wilayani Kabambare, haikosi bunduki. Jeshi FARDC liko, Mai-Mai Malaika wanajulikana, na mwaka 2019 kampuni Banro ilisimamisha kazi ya dhahabu pale Namoya kwa sababu ya usalama mdogo. Raia akiuawa, maelezo ni yaleyale: ilikuwa risasi ya kupotea, ao marehemu alikuwa anakimbia. Mwili unaoshwa, unavikwa sanda, nguo zenye damu zinachomwa. Kesi inakwisha hapo.

Kumbe nguo ile ingeweza kujibu. Bunduki ikilia haitoi risasi peke yake. Inatoa pia moshi, masizi na punje za baruti ambazo hazikuungua. Mpigaji akiwa karibu sana, uchafu huo unajaa kuzunguka tundu la nguo. Akisogea nyuma, unatawanyika. Akiwa mbali, haufiki.

Wataalamu wanapiga picha ya nguo, kisha kompyuta inahesabu alama hizo na kupima namna zilivyosambaa. Nguo ikiwa nyeusi, kuna picha za mwanga ambao jicho halioni. Halafu bunduki ileile, kwa risasi za aina ileile, inapigwa kwenye vitambaa kutoka umbali unaojulikana, na picha zinalinganishwa. Mtu aliyepigwa kwa karibu hawezi tena kuitwa mtu wa risasi ya kupotea.

Wengine watasema: mashine hizo ziko wapi hapa? Hazipo. Lakini mashine inaweza kungojewa, nguo haingoji. Kuosha mwili ni wajibu. Kuchoma nguo si wajibu. Muuguzi asikate kitambaa kwenye tundu la risasi. Nguo ianikwe kivulini bila kufuliwa, iwekwe katika mfuko wa karatasi, maana plastiki inaiozesha, na iandikwe tarehe, mahali na jina la aliyeipokea. Polisi na waendesha mashtaka wa kijeshi waipokee kwa sahihi, familia ibaki na nakala.

Jambo moja la kuogopa ni chembe za mkononi. Zinapotea kwa saa chache, na zinahama: askari aliyeshika bunduki akimfunga kijana pingu, anaweza kumwachia chembe zake. Huko Uingereza, Barry George alihukumiwa mwaka 2001 kwa mauaji ya mtangazaji Jill Dando, na chembe moja katika mfuko wa koti lake ilikuwa kati ya ushahidi. Hukumu ilifutwa mwaka 2007, naye akaachiliwa huru mwaka 2008. Ikiwa London ilikosea hivyo, Salamabila yenye bunduki kila upande isimfunge mtu kwa chembe peke yake.

Kompyuta haitaleta haki Kabambare kama hakuna kitu cha kuipa. Kazi ya kwanza ni ya bei ndogo: mfuko wa karatasi, kalamu, na kiongozi anayekubali kuweka sahihi.