Mwenzako kazini anapokuwa mwalimu wa usalama

Eneo la Ngerengere, mkoani Morogoro, lina mashamba ya mkonge tangu enzi za ukoloni. Katika kiwanda cha mkonge, majani hupita kwenye korona, singa huanikwa juani, kisha hupigwa brashi. Kwenye brashi ndipo vumbi huwa jingi zaidi. Utafiti katika viwanda vya mkonge nchini Tanzania umeonyesha kuwa wengi wanaofanya kazi hapo husumbuliwa na kikohozi na chafya.

Nani awafundishe kujikinga? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya wanne awe na mwakilishi wa usalama na afya kutoka miongoni mwao. Huyu ni mwenzako. Anajua mashine ipi haina kizuizi, na binti aliyeajiriwa jana anaweza kumuuliza bila woga. Ndiyo maana somo lake huingia kuliko bango la ukutani.

Lakini somo peke yake halipunguzi vumbi. Mwakilishi akifundisha kuvaa barakoa na barakoa hazipo, atakayelaumiwa ni mfanyakazi, ilhali vifaa kinga ni jukumu la mwajiri. Mafunzo ya wenzetu yana maana pale mwakilishi anapopewa muda, anaposikilizwa, na kasoro aliyoitaja inaporekebishwa.

Mama, unaweza kufanya nini?

- Mjue mwakilishi wenu. Kama hayupo, ulizeni kwa pamoja.
- Ukiwa mjamzito au unanyonyesha, sema mapema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inakataza kukupa kazi ya hatari kwako au kwa mtoto, na inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha.
- Badili nguo na unawe kabla ya kumbeba mtoto.
- Kikohozi kisichoisha kwa wiki mbili, nenda kituo cha afya na useme unafanya kazi gani. Kinaweza kuwa vumbi, kinaweza kuwa kifua kikuu.
- Ukiumia, toa taarifa siku hiyohiyo. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huchangiwa na mwajiri. Mshahara wako haukatwi.

Mwakilishi akisimama peke yake ni rahisi kupuuzwa. Mkisimama naye, atasikika.