Barua ya Mjane wa Dakar



Wiki iliyopita, baada ya darsa ya akina mama, bibi mmoja alinijia na kitabu alichokikuta katika mkoba wa bintiye asomaye chuo kikuu. "Sheikh, nitazamie. Mtoto kaambiwa akisome kwa mtazamo wa ufeministi. Nachelea kisije kikamtoa katika dini." Nikakichukua, nikakaa nacho siku tatu.

Ni riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, iliyotoka kwa Kifaransa mwaka 1979 na kupata Tuzo ya Noma mwaka 1980. Kwa Kiswahili yaitwa Barua Ndefu Kama Hii. Ramatoulaye, mwalimu wa Dakar, amefiwa na mumewe Modou, naye yu ndani ya eda ya miezi 4 na siku 10. Humo edani amwandikia rafikiye Aissatou. Baada ya miaka 25 ya ndoa na watoto 12, Modou alimwoa Binetou, msichana aliyekuwa akisoma na binti yao Daba, akahama nyumba asirudi. Aissatou naye aliwahi kuletewa mke mwenza, lakini yeye aliondoka, akasoma, akawa mkalimani katika ubalozi wa nchi yake huko Marekani.

Wapo wahakiki wanaomwona Aissatou kuwa ndiye shujaa, na Ramatoulaye kuwa mnyonge aliyefungwa na dini. Hapo sikubaliani nao. Kuwalea watoto 12 na huku unafundisha, mume hayupo, si unyonge. Tena huyo anayeitwa mnyonge ndiye aliyemkatalia shemeji yake Tamsir uso kwa uso. Akamkataa pia Daouda Dieng, bwana wa heshima aliyempenda kwa dhati, kwa kuwa Daouda alikuwa na mke, naye hakutaka kumtia mwanamke mwenziwe machungu aliyoyaonja mwenyewe.

Lakini ni posa ya Tamsir iliyonifanya nifunge kitabu, nikatoka kibarazani kupunga upepo. Tamsir alikuja baada ya arobaini tu, eda haijesha, akatamka wazi kuwa mjane akitoka atamwoa. Surat al-Baqara, aya ya 235, imeruhusu kidokezo, haikuruhusu posa ya wazi kwa mwanamke aliye edani. Mwanafunzi wa madrasa alijua hilo. Na ni nani aliyekuwa ameketi hapo akisikiliza? Imamu wa mtaa! Ni yuleyule aliyefika miaka ya nyuma, siku ya harusi ya Binetou, kumpasha Ramatoulaye kwamba Modou ameoa mke wa pili, huku Tamsir akiongeza kuwa ni Mungu aliyemkusudia mke huyo, na kwamba Modou amshukuru kwa robo karne ya ndoa. Zamu hakuitaja. Nafaka hakuitaja. Baadaye ikadhihirika kuwa nyumba ya bibi mdogo ilipatikana kwa kuweka rehani nyumba ya mke wa kwanza, iliyonunuliwa kwa akiba ya wote wawili ingawa hati ilikuwa kwa jina la mume. Hiyo ni dhulma ya mali, na haina uhusiano wowote na ruhusa ya kuoa wanne.

Msomaji wa kifeministi hufika hapa akasema, tazameni dini. Mimi nasema dini ilikuwa na la kusema, na aliyepaswa kulisema alinyamaza. Ila mwanamke aliyeketi mbele ya kilemba kinachonyamaza atazitofautishaje mbili hizo? Swali lao ni la haki, hata pale jawabu lao lisiponiridhisha.

Nami nakiri. Nilipokuwa imamu kijana, bwana mmoja aliniomba nifuatane na nduguye kumpelekea mkewe habari kama hiyo. Nikaenda. Nikasema ni kadari. Bibi yule akatuletea kahawa, kisha akaniuliza neno moja tu: "Na zamu yangu, sheikh?" Nikamwambia mumewe atakuja kuzungumza naye. Sikumuuliza yule bwana kama alikwenda.

Kitabu nimekirudisha. Nimemwambia mama amwache bintiye asome, na akimaliza, naye akisome. Akauliza kama mna lolote la haramu ndani yake. Nikamjibu kuwa limo, pale penye posa.