AFYA ZETU: FIGO HAZILALAMIKI

Desturi ya wengi ni kuyapima maradhi kwa maumivu: asiyeumwa hujiona mzima. Ama figo, huweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake na mwenyewe asihisi neno. Siku miguu ivimbapo, aghalabu muda mwingi umekwisha pita. Kwa hiyo yatupasa kuvijua vipimo vyake, ili mtu apewapo karatasi ya maabara asiiweke sandukuni kama hirizi asiyoyajua yaliyomo.

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Misuli hutoa taka iitwayo kreatinini, nazo figo huichuja ikatoka kwa mkojo. Figo zikilegea, taka hiyo huzidi damuni. Lakini tarakimu yake peke yake ni kama herufi ya Kiarabu isiyotiwa irabu: haisomeki sawasawa mpaka ujue umri wa mtu, na kama ni mwanamume au mwanamke. Tuseme kijana mwanamume wa miaka 25 na bibi wa miaka 70 wote wamekutwa na mikromoli 106 kwa lita, yaani miligramu 1.2 kwa desilita. Kwa hesabu ya matabibu iliyotolewa mwaka 2021, kiwango cha uchujaji cha kijana ni kama 86, na cha bibi ni kama 49. Tarakimu ni moja, hali zao ni mbali mbali.

Basi muulizeni tabibu kiwango cha uchujaji. Kifikacho 90 na zaidi ni chema. Kikiwa chini ya 60 kwa miezi 3 au zaidi, hayo ni maradhi sugu ya figo. Chini ya 15, figo zimeshindwa.

Kipimo cha pili ni cha mkojo, nacho husahauliwa. Figo nzima huizuia protini iitwayo albumini. Figo iliyodhurika huiachia ipite, hata damu ingali yaonyesha wema. Ikiwa chini ya miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo, hapana khofu.

Wala mtu asikate tamaa kwa kipimo kimoja. Kupungukiwa na maji, au kula nyama nyingi siku ya kupimwa, huweza kuipandisha kreatinini. Ndiyo sababu kipimo hurudiwa.

Wenye kisukari au shinikizo la damu wapimwe damu na mkojo kila mwaka, wajapokuwa hawaumwi. Ambaye figo zake zimepungua nguvu amwulize tabibu kabla ya kumeza dawa za maumivu kama ibuprofeni na daiklofenaki, na kabla ya kufunga Ramadhani. Mgonjwa amepewa ruhusa, wala si aibu kuitumia.

Nanyi vijana mliosoma, wasomeeni wazee wenu karatasi hizo, mziweke zote pamoja kwa tarehe zake. Tabibu aonapo za mwaka jana na za mwaka huu, hutambua mapema figo zinaelekea wapi.