Gari Halijalala, Utajuaje Limepona?

Nimekuwa kimya kama wiki mbili hivi, mnisamehe, tesiti zilituandama. Leo nimerudi na hasira, tena hasira yenyewe ni ya mabega kuuma, manake asubuhi hii tumetoka kusukuma gari. Tena!

Wa hapa chuoni mnalijua. Mwalimu wetu mmoja (jina kapuni, nataka kumaliza digrii yangu salama) ana Noah. Ijumaa jioni anaipaki chini ya ule mwembe mkubwa, anapanda basi kwenda kwa familia yake, Jumatatu akirudi haiwaki. Basi tunaitwa sisi. "Vijana, njooni mnisaidie mara moja." Tunasukuma mpaka kona ya maktaba, tunasukuma kurudi, mashati yanalowa, dada zetu wa mwaka wa kwanza wanatuangalia, tunaona tumefanya kazi. Mwishowe anakuja mtu na gari jingine na waya, wanabusti, Noah inawaka, na sifa tunapewa wasukumaji.

Leo nikachungulia ndani. Gia otomatiki.

Jamani! Muhula mzima tunasukuma gari la otomatiki! Gari la gia za mkono ukilisukuma, magurudumu yanazungusha injini kupitia klachi, ndo maana linashtuka na kuwaka. La otomatiki halina klachi ya namna hiyo. Kati ya injini na gia boksi kinachofanya kazi ni mafuta, na pampu ya kuyasukuma hayo mafuta inazungushwa na injini yenyewe. Injini ikiwa imelala hakuna kinachoshikana na kitu. Mngelisukuma mpaka Urambo lisingewaka. Tulikuwa watu kumi na wawili pale, wanne kati yetu wanasoma Fizikia, na hakuna aliyeuliza swali moja, mimi nikiwemo.

Ningecheka tu nikaenda kunywa chai. Lakini habari ya gari lililolala ilishatupiga nyumbani, na ndo iliyonifanya nikae niandike.

Mjomba wangu anakaa Kipalapala. Anafuga nyuki, mizinga yake iko porini upande wa Sikonge. Ana Hilux ya zamani ya dizeli, inayofanya kazi msimu wa kurina asali, halafu inakaa. Inakaa siku nne, wiki, wiki mbili. Na katika ule mtaa wao ndo gari pekee, kwa hiyo siyo la mjomba peke yake. Mtu akizidiwa usiku, mlango unaogongwa ni ule.

Sasa hiyo Hilux ikaanza ugonjwa. Ukiitumia mchana kutwa, kila ukizima na kuwasha, tik, imewaka. Ikilala usiku mmoja, inakohoa kidogo. Ikilala siku nne, unapiga stata mpaka mkono unachoka. Fundi wa kwanza alikuja, hakufungua hata boneti vizuri: "Betri hiyo, mzee." Betri mpya, ndoo mbili za asali. (Mjomba anahesabu kila kitu kwa ndoo, na mimi nimeona ni hesabu nzuri kuliko shilingi.) Gari likawaka! Fundi akapewa na soda. Wiki mbili baadaye hadithi ile ile. Fundi wa pili: "Stata imechoka." Ndoo moja. Likawaka! Wiki mbili. Fundi wa tatu: "Hizi nozeli." Ndoo mbili. Likawaka!

Mnaona mchezo ulipo? Kila tiba "ilifanya kazi". Na ilifanya kazi kwa sababu gari lilikuwa halijalala! Fundi analihangaikia asubuhi mpaka linawaka, anazima, anafungua anachofungua, anafunga, anawasha mbele ya mwenye gari, vuuum, lipa hela. Kwani litakataaje na injini ina joto na mafuta yako pale pale? Ugonjwa wa gari hili ni kukataa kuwaka baada ya kukaa, halafu mnalipima kabla halijakaa. Ni kama kumwambia mtu mwenye homa za usiku, "mbona saa sita mchana huna kitu, umepona."

Halafu ikaja ile usiku. Saa nane, mvua imetoka kunyesha, jirani anagonga, mke wake ameshikwa na uchungu. Mjomba akatoka na ufunguo. Betri mpya, stata mpya, nozeli zimesafishwa. Ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka, mpaka na ile betri mpya ikaisha sauti. Yule mama alipelekwa Kitete kwa bodaboda, amekaa katikati, mama mkwe nyuma anamshika, barabara yenyewe tope. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu, na ningeweza kuishia hapo. Lakini kila nikikumbuka ndoo tano za asali zilizolipwa ili lile gari liwake usiku ule, siwezi kusema "bahati mbaya".

Aliyelitibu ni mzee mmoja, dereva wa malori mstaafu, siyo fundi wa gereji. Nilikuwepo likizo ile. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akakaa kwenye tofali akaanza kuuliza, na hakugusa kitu.

"Linazunguka?"

"Linazunguka mzee, tena kwa nguvu."

"Moshi?"

"Moshi gani?"

"Nyuma. Likiwa linazunguka, nyuma kunatoka nini?"

Kimya. Mjomba akaniangalia, mimi nikamwangalia mjomba. Mafundi watatu, miezi mitatu, hakuna aliyewahi kwenda nyuma ya gari kutazama!

Akatueleza kwa maneno ambayo mpaka leo nayakumbuka kuliko lekcha nyingi tu. Dizeli ikizunguka kizito au ikisema tak-tak-tak, tafuta umeme: betri, terminali zenye kutu, waya wa bodi. Ikizunguka kwa nguvu na nyuma unatoka moshi mweupe, maana yake mafuta yanafika lakini hayaungui, basi angalia plagi za kupasha joto, zile wanazoita hita, na ikizidi angalia kompresheni. Ikizunguka kwa nguvu na nyuma hakuna moshi kabisa, basi mafuta hayafiki, na huna sababu ya kununua betri wala stata, manake zote mbili zimeshakuonyesha kuwa ni nzima.

Gari lilikuwa limelala siku tano. Tukapiga stata. Hakuna moshi, hata wa kuwashia sigara.

Akafungua boneti, akabonyeza ile pampu ndogo ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Ilikuwa laini kama puto. Akabonyeza kama mara ishirini, ikaanza kuwa ngumu. "Washa." Tik. Limewaka!

Kumbe mafuta yalikuwa yanarudi kwenye tenki. Tenki liko chini, injini iko juu. Mpira ukipata ufa mdogo au klipu ikilegea, hewa inaingia, na gari likikaa dizeli inateremka yenyewe kurudi ilikotoka. Na huwezi kuona tone chini, kwa sababu upande ule injini inavuta, haisukumi, kwa hiyo ufa unaingiza hewa badala ya kutoa mafuta. Ndo maana kila aliyeinama akasema "hakuna panapovuja". Mzee akaweka kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kati ya filta na pampu kubwa, tukaona mapovu yanapita kama soda. Tukafuata mpira kurudi nyuma mpaka juu ya tenki, pale ulipokuwa umekauka na kupasuka. Mpira mpya na klipu mbili: shilingi elfu tisa.

Na hakuchukua hela siku ile! Alisema, "Liache likae wiki nzima, Jumapili nitakuja kuliwasha mwenyewe." Akaja. Likawaka kwa kuguswa tu.

Sasa nawajua nyie. Rafiki yangu mmoja wa Sayansi ameshaniambia, "We mtu wa Kiswahili na Historia, magari yanakuhusu nini?" Yananihusu kwa sababu bega langu linauma, mheshimiwa. Mwingine anasema nawaonea mafundi wa gereji bubu, vijana wanaotafuta riziki. Hapo nimefikiri sana na nitakubali nusu. Kosa kubwa ni letu wenye magari. Fundi akikwambia, "niachie siku tatu lilale, nilipime," unamwona hajui kazi, unamhama. Akisema "betri" kabla hajafika mlangoni, unamwona mtaalamu. Tena tunalipa kifaa, hatulipi kufikiri. Ukimwambia mtu dawa ni mpira wa elfu tisa lakini kazi ya kuutafuta ni elfu thelathini, anasema umemwibia. Akiuziwa betri ambayo haikuhitajika, anashukuru, manake amekishika kitu mkononi. Katika mazingira hayo fundi mwaminifu atakula nini?

Lakini nusu nyingine siikubali. Kuuza betri bila kupima ni kubahatisha kwa hela ya mtu mwingine. Mita ya umeme siyo kitu cha anasa, wanauza mpaka madukani kwa vifaa vya redio. Betri nzima, iliyojaa na iliyopumzika, inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu. Ukipiga stata ikaanguka chini ya 9.6, hapo una haki ya kuishuku. Injini ikiwaka, isome kama 13.8 mpaka 14.5, la sivyo alteneta haichaji na hata ukinunua betri mpya utaiua. Dakika tano! Na mara nyingi jibu litakuwa betri kweli, sikatai, joto la huku kwetu linazichosha mapema. Basi pima, useme betri ukiwa unajua.

Halafu ya petroli nayo ina mambo yake. Yenye kabureta ikikaa kwenye jua, petroli ya kwenye bakuli inakauka, lazima uzungushe kidogo ijae. Zenye nozeli za kisasa, presha ya mafuta ikishuka wakati limelala, jaribu kufungua ufunguo mpaka taa za dashibodi, subiri sekunde mbili tatu, funga, rudia mara tatu, ndo upige stata. Likiwaka haraka hivyo na kwa kawaida linasumbua, umeshajua ni upande gani wa kutafuta, bure kabisa.

Pengine linaniuma hivi kwa sababu ya tunachosomea. Tuliporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, kwenye chumba cha walimu nimesikia "huyu mtoto mzito" mara ngapi sijui. Mzito! Hajapimwa macho, hajaulizwa kama amekula, hajui kusoma vizuri au hajui hesabu, hakuna aliyeenda nyuma kutazama moshi. "Betri hiyo, mzee." Na mimi nimesema hivyo kwa mtoto mmoja wa kidato cha pili, kumbe alikuwa haoni ubaoni. Kwa hiyo msidhani najitoa.

Turudi kwenye Noah. Leo baada ya kipindi nilimfuata mwalimu ofisini, nikamwamkia, nikamweleza taratibu. Gari likitumika kila siku halisumbui, likikaa siku tatu linakufa, basi ama betri haishiki chaji, ama kuna kitu kinakunywa umeme wakati kila kitu kimezimwa, redio, alamu, taa ya buti. Njia ya kutenganisha haihitaji hata mita. Ijumaa fungua terminali hasi, Jumatatu irudishe. Likizunguka kwa nguvu, kuna mnywaji mahali, tutamtafuta kwa kuchomoa fyuzi moja moja. Likiwa bado limekufa, betri yenyewe ndo imekwisha, anunue kwa moyo mweupe.

Akanitazama juu ya miwani. "Wewe si ndiye wa Fasihi?"

"Ndiyo mwalimu."

"Na nimeshaambiwa ni stata. Fundi anakuja Jumatano."

Nikamwomba aahirishe mpaka Jumatatu ijayo tu. Akacheka, akasema atafikiria, lakini jioni hii nimepita pale kwenye mwembe amenipungia mkono na kusema Ijumaa saa kumi na moja nisichelewe. Spana namba kumi nimeshaazima. Jumatatu njooni asubuhi mshuhudie, ila safari hii sisukumi.