Pesa ya Barghash haihitaji ndimu

Pesa ya shaba ya Sultan Barghash bin Said, iliyotolewa Zanzibar mwaka 1299 Hijria (1881–1882 Miladia), bado inapatikana kwa wingi katika makasha ya familia za pwani. Upande mmoja una jina la sultani kwa hati ya Kiarabu. Upande wa pili una mizani, na chini yake mwaka. Nyingi zimeshika kutu, na mwenye nayo hujiuliza aisafishe au atafute nyingine iliyo nzima. Mara nyingi jibu sahihi ni kuiacha kama ilivyo. Jibu baya kuliko yote ni lile linaloanzia jikoni.

Kutu ya shaba si moja, na uamuzi wote unategemea kuitambua. Shaba ikikaa hewani hujivika kwanza utando wa oksidi, mwekundu au wa hudhurungi, ambao huweza kuwa mweusi kadiri miaka inavyopita. Ikifukiwa ardhini, juu ya utando huo huota kabonati ya kijani. Matabaka haya yakiwa magumu na yameshikamana, yametulia: yanapunguza hewa na unyevu unaoifikia shaba iliyo chini. Tena, ndani yake ndimo ulimo uso wa awali wa sarafu. Shaba iliyogeuka kutu imeshika umbo la herufi, huku ile ya chini yake ikiwa imelika ovyo. Anayekwangua mpaka kwenye shaba tupu huwa ameshayapita maandishi. Ndiyo maana sarafu nyingi zilizosuguliwa kwa bidii hutoka nyekundu, zinang'aa, na hazisomeki.

Kutu ya hatari ni ile ya chumvi. Huonekana kama vidoa vya unga wa kijani kibichi kilichofifia, ambao ukipanguswa leo hurudi baada ya siku chache. Kloridi iliyojificha ndani ya shaba ikikutana na unyevu na oksijeni huzaa asidi ya hidrokloriki. Asidi hiyo hula shaba safi na kuzaa kloridi nyingine, na mzunguko huo huendelea mpaka sarafu itoboke. Wahifadhi wa makumbusho huuita ugonjwa, ingawa hauna kijidudu. Huamka pale unyevu wa hewa unapopita takriban asilimia 45, na katika miji kama Zanzibar, Lamu au Tanga ni nadra hewa kuwa kavu kiasi hicho. Pesa iliyokaa shwari kwa miaka mingi mahali pakavu inaweza kuanza kuoza ikirudishwa pwani.

Hapa ndipo ndimu inapoleta madhara. Masinia na midila imesuguliwa kwa ndimu, ukwaju, majivu na chumvi tangu zamani, na haikudhurika, kwa kuwa ni minene na husuguliwa tena na tena. Sarafu ni nyembamba, na thamani yake yote imo katika michoro iliyoinuka kidogo tu. Asidi ya ndimu au siki huyeyusha utando uliokuwa ukiilinda, na chumvi huingiza kloridi ileile inayolisha ugonjwa. Dawa ya meno na mafuta ya kung'arishia vyuma huacha mikwaruzo ambayo mkusanyaji huiona mara moja. NGC na PCGS, kampuni za Marekani zinazopima ubora wa sarafu, hazitoi daraja kamili kwa sarafu iliyosafishwa vibaya. Rangi iliyoondolewa hivyo haiwezi kurudishwa.

Kinachoruhusiwa nyumbani ni kidogo. Udongo hulainishwa kwa kuiloweka sarafu katika maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari (maji matupu, si asidi), kisha huondolewa kwa kijiti laini cha mti. Baada ya hapo ikaushwe kabisa na iwekwe katika kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vile vifuko vya silika vinavyokuja katika maboksi ya viatu. Mifuko laini ya PVC iepukwe, kwa sababu nayo huitia sarafu utelezi wa kijani. Unga ukizidi kurudi, dawa kama benzotriazoli ipo, lakini inadhuru afya na mahali pake ni maabara.

Kubadilisha kunafaa pale sarafu inapokuwa ya kawaida na mwenyewe anakusanya aina tu. Pesa ya Barghash na heller, sarafu ndogo za utawala wa Kijerumani, za 1904 hadi 1913 zilitolewa kwa wingi. Kununua iliyo nzuri ni busara kuliko kuitesa mbovu. Ila pesa iliyoachwa na bibi haina mbadala, hata ikiwa imeliwa nusu. Tahadhari nyingine ni ya heller 20 za Tabora za mwaka 1916, zilizotengenezwa kwa haraka vitani: ukwaru na nyufa za mihuri ni sehemu ya historia yake, si uchakavu wa kurekebishwa.

Sarafu za Kilwa ni jambo jingine kabisa. Hizo ndogo za shaba, zenye majina ya masultani kama Ali bin al-Hasan, hazina mwaka, na kuzitambua hutegemea herufi chache zilizosalia. Tano kati yake ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mjadala wa namna zilivyofika huko haujaisha. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa Tanzania Bara kabla ya 1863 huhesabiwa kuwa urithi unaolindwa. Inayoonekana Kilwa Kisiwani au Songo Mnara iachwe pale ilipo na ofisi ya mambo ya kale ijulishwe, kwa kuwa hata udongo ulioishika ni ushahidi wa wakati na mahali. Kuisafisha ni kazi ya wahifadhi, baada ya kupigwa picha, kupimwa na kuandikwa ilikotoka.