Gari Sinunui, Nataka Njia ya Kupita

Majirani zangu wa Kimara, Dar es Salaam, wananihurumia. Mhasibu mzima, watoto wameshamaliza shule, bado nagombania mabasi ya mwendokasi! Kwenye vikao vya harusi halikosekani swali la nani atanirudisha nyumbani, utadhani nimefiwa. Binamu yangu keshaniletea hadi bei ya gari, IST iliyotumika Japani. "Dada, ukishalipa ushuru tu, unatamba."

Nitambe wapi? Yeye jioni yuko kwenye foleni anapiga honi. Mimi natoka Kivukoni kwenye njia ya mabasi pekee. Nimesimama, nimebanwa, kwapa la mtu liko usoni pangu, lakini nafika. Mabasi haya yalipoanza mwaka 2016 tuliyashangilia, na sasa tunayalalamikia kwa haki kabisa, maana kuna jioni kituo kinafurika watu na basi halitokei. Mto Msimbazi nao ukifurika, Jangwani hapapitiki. Siku hiyo IST nayo haipiti.

Hayo nayavumilia. Kinachonishinda kinaanza nikishashuka. Kutoka kituoni hadi kwangu si mbali, ila hakuna pa kukanyaga. Ukitoka kwenye lami unakutana na mtaro usio na mfuniko, ng'ambo ya mtaro meza ya chipsi, kisha bodaboda zimepangwa zikisubiri abiria. Kwa hiyo natembea barabarani, magari yakinimulika mgongoni. Na pale palipojengwa njia ya miguu nzuri, mtu kaegesha gari juu yake, kapandisha vioo, kaondoka zake. Muuza chipsi simlaumu, anafuata wateja. Namlaumu aliyechora barabara akasahau kwamba wengi wetu jijini hapa tunakwenda kwa daladala na kwa miguu, na hata mwenye gari kuna mahali hushuka.

Usiku nampa kijana wa bodaboda buku kwa umbali ambao mchana ni wa kunyoosha miguu tu. Hela hiyo nalipia giza.

Viongozi wakijisifia barabara huhesabu kilomita za lami. Bado sijamsikia anayehesabu mifuniko ya mitaro, taa za mitaani au miarobaini ya kivuli vituoni, na vyote hivyo ni rahisi kuliko daraja la juu. Diwani anayetaka kura yangu ashuke mwendokasi Kimara saa mbili usiku, aje kwangu kwa miguu.