SHULE NA JAMAA: Semesta moja Ulaya, na karatasi ambayo hatuulizi

Mwezi huu wamama watatu wametuuliza swali karibu lile lile, mmoja sokoni, wawili kisha mkutano wa Jumamosi: binti amechaguliwa kwenda kusoma na kufanya staji Ulaya miezi mitano, je, tumuachilie? Tulirudisha swali: kama angekuwa ni kijana mwanaume, mungetuuliza? Mmoja akacheka, akasema hapana, huyo tungekuwa tumekwisha kumununulia valizi.

Tuchukue binti wa mmoja wao, kwa ruhusa ya mama yake. Anasoma agronomia hapa Lubumbashi, mwaka wa tatu. Anakoalikwa ni Gembloux, mji mdogo wa Ubelgiji, kati ya Namur na Brussels. Fakilte ya agronomia ya pale inakaa ndani ya monasteri ya zamani, na tangu 2009 ni sehemu ya Iniversite ya Liège. Watu wa agronomia wa kwetu wanaijua siku nyingi, kwa sababu ya udongo wetu. Shaba ilianza kuyeyushwa hapa Lubumbashi mwaka 1911, na kwa miaka mingi moshi ulipeleka vumbi la madini kule upepo unakoelekea. Ndiyo maana watafiti wa pande zote mbili walifanya kazi pamoja Penga Penga, wakitafuta majani yanayoweza kuota pale na kushika udongo ili vumbi lisiruke. Staji ya binti itakuwa ndani ya laboratwari: kukausha udongo, kuuchekecha, kuupima kwa mizani, kuuyeyusha kwa asidi, kisha kusoma kiasi cha shaba, risasi na kadmiyumu. Wenye kulima lengalenga nyuma ya nyumba hawahitaji tuwaeleze kazi hiyo inatuhusu namna gani.

Mama yake alituuliza mambo ya baridi, ya pesa na ya wanaume. Hakutuuliza habari ya karatasi, na sisi tunaona hatari kubwa iko hapo.

Nafasi yenyewe ni ya Erasmus, programu ya Umoja wa Ulaya. Ilianza mwaka 1987 kwa wanafunzi wa kwao, na tangu 2015 wanafunzi wa bara letu pia wanaweza kwenda kwa semesta. Mwanafunzi anabaki ameandikishwa hapa na analipa minervali hapa. Kule halipi pesa ya masomo, na anapewa burse ya kila mwezi pamoja na msaada wa safari. Anaweza kukaa tangu miezi 2 mpaka 12. Lakini haombi peke yake: anapitia iniversite yake, na iniversite hiyo lazima iwe na mapatano na ile ya kule. Kwa hiyo mtu akija nyumbani kuwauzia nafasi ya Erasmus, mumuonyeshe mlango.

Kisha kuchaguliwa kuna mapatano ya masomo. Ni karatasi inayoandika kila kozi atakayosoma kule, kredi zake, na kozi gani ya hapa inachukuliwa mahali pake. Semesta nzima ni kredi 30, kule na huku, tangu tulipoingia katika LMD. Kwa staji inaandikwa kazi atakayofanya, masaa, nani atamuongoza na nani atampa pointi. Sahihi ni tatu: ya mwanafunzi, ya iniversite ya hapa, na ya iniversite ya kule. Zote zitiwe kabla ya ndege, si kisha.

Tumemuona kijana mmoja, hatumtaji wala hatutaji iniversite yake, aliyerudi na pointi nzuri mkononi. Jiri ikamwambia kozi zile haziko katika programu yake. Akarudilia mwaka. Baba yake alilipa minervali mara mbili kwa masomo ambayo mtoto alikuwa amekwisha kufaulu, na wadogo wake wawili wakakaa nyumbani trimesta nzima.

Kuna pia jambo la kalenda. Kule semesta ya pili inaanza mwanzoni mwa mwezi wa pili. Ya hapa inaanza inapoanza. Munajua wenyewe habari ya migomo. Binti aombe barua inayosema atafanya mitihani ya hapa iliyobaki katika sesio gani, na barua hiyo iingie katika faili yake aparitora. Neno la mdomo la asistanti mwema halitoshi, maana asistanti anaweza kuhamishwa.

Sasa tufike kwenye hofu za mama. Pesa: burse mara nyingi inafika kisha mtoto kufika, na hapa katikati kuna paspoti, faili ya viza, garanti ya chumba na chakula cha majuma ya kwanza. Aulize mapema tarehe ya malipo ya kwanza. Katika kikundi kimoja cha likelemba wamama walikubali kubadilisha zamu ili pesa imfikie mwenye safari mwezi ule ule. Tuliona ni akili. Akifika, ajiandikishe kwenye komine katika siku 8 za kazi, asingojee. Baridi ni ya kweli, na mwanzoni mwa mwezi wa pili jua linatua karibu saa kumi na moja na nusu. Koti la kule anunue kule; ya hapa hayajui kazi hiyo. Mukitaka kumpigia simu, mpaka mwisho wa mwezi wa tatu wao wako nyuma yetu saa moja, kisha tunakuwa sawa.

Kuhusu wanaume na mimba, hofu ile inajua njia ya kufika hapa mtaani bila paspoti. Hatuichekelei, lakini hatuoni kwa nini imfungie mlango binti wa laboratwari wakati kaka yake anapita.

Tunaogopa zaidi mashangazi na wajomba. Hata viza haijatoka, orodha imekwisha kuandikwa: viatu, simu, mafuta ya nywele. Burse imepimwa kwa kulala na kula. Mtoto anayeshinda na njaa ili atume viatu hatasoma vizuri, na mama ndiye anayeweza kuwaambia wakubwa neno hilo kwa heshima bila wao kukasirikia mtoto.

Jambo moja mama huyu alilisema mwishoni, kwa sauti ya chini: binti ndiye anayesimama kwenye meza ya unga wakati yeye anaenda kliniki. Hiyo ni gharama ya kweli, na hakuna burse inayoilipa. Kaka wako wawili nyumbani. Tulimuuliza kama wanajua kupima unga. Alinyamaza kidogo, akasema watajifunza.

Karatasi hizi ziko kwa Kifaransa cha ofisi. Mwenye nayo ailete Jumamosi, nusu saa mbele ya mkutano, tutaisoma pamoja mstari kwa mstari. Huyu wa Gembloux, siku tunapoandika, amebakiza sahihi moja, ile ya hapa.